Jina Dhaifu la Mizani

Mgeni njoo, mwenyeji aumie.

Ndivyo alivyowaza Victorine redio yake ya Motorola ilipokwaruza. Saa tatu na nusu asubuhi. Bandari ya Kalemie, Zaire, 1994.

"Ndege Saba," sauti kutoka Idara ya Ujasusi ilimwita kwa jina lake la siri. "Masanduku ya ndagala yamejaa bunduki. Treni ya Nyunzu inaondoka saa nne. Mizani inasema nini?"

"Kilo ishirini za dagaa wakavu kila moja."

"Basi mizani inadanganya."

Aibu ilimpanda usoni kama homa. Programu ya mizani ile aliiandika yeye. Na Nyunzu ndiko alikoishi mama yake.

Idara ilimpandikiza bandarini kama mtu wa kompyuta. Kipande cha programu kilichosoma mizani alikiita *uzito*. Kisha akaja Injinia Kessel, mgeni kutoka ng'ambo, na disketi yake. Kwao Victorine, mgeni akiingia unamwachia kiti. Kwa hiyo, kando ya jina *uzito*, aliandika neno moja: *dhaifu*. Maana yake, likija jingine lenye jina hilo, hili lisimame na kulipisha.

Heshima tu.

Kessel akaleta *uzito* wake. Kila asubuhi mashine ilipounganisha vipande, cha Victorine kilinyamaza, cha mgeni kikapima.

Papa Symphorien, mpakuzi mzee, alimwonya mapema. "Mama, hii sanduku inavunja mugongo. Ni ndagala ya chuma?"

Victorine alimcheka. "Papa, mashini haizeeke."

Sasa aliketi mbele ya kompyuta yake ya Compaq. Bastola ya Browning ilimchoma kiunoni, lakini hapa haikuwa na kazi. Harakaharaka akaandika amri ya kulificha jina *uzito* lake ndani ya faili, mgeni asiliguse.

Kikusanyaji, programu inayokagua maandishi, kikagoma.

JINA DHAIFU LAZIMA LIWE WAZI.

Bila shaka. Jina linalongoja kuachia nafasi hukaa barazani, faili nyingine zilione. Halijifichi chumbani. Hata mashine ilijua kanuni hiyo. Yeye mwenye diploma aliisahau.

Mlango ukafunguka. Papa Pontien, mkubwa wa bandari. Nyuma yake, Kessel.

"Mama Victorine! Mugeni anangoja masanduku yake yapimwe!"

"Dakika moja, Papa."

Alifuta maneno yote mawili. *Dhaifu* likatoka. Amri ya kuficha ikatoka. Sasa majina mawili yenye nguvu, nyumba moja, na hakuna wa kumpisha mwenzake.

Akabonyeza.

UZITO: LIMEFAFANULIWA MARA MBILI. KUUNGANISHA KUMESHINDIKANA.

Mizani ikafa.

"Mashini ikikufa, tunapima kwa mukono," alisema Victorine, akamgeukia mpakuzi aliyesimama nje ya mlango. "Njo sheria ya bandari. Papa Symphorien, leta mizani ya zamani."

Kessel alikimbilia mlangoni.

Victorine akakisukuma kiti kwa mguu. Kiti kilekile alichompisha siku ya kwanza. Kessel akakikumbatia, wakaanguka pamoja.

Sanduku la kwanza: kilo tisini na moja. Symphorien akabandua kifuniko. Tabaka moja la ndagala, kisha bunduki.

Treni ikaondoka bila masanduku.

Victorine hakuweza kumtazama mzee. "Papa, nilikucheka. Unisamehe."

"Mashini haizeeke, eh?" alisema Symphorien, akifuta mikono. "Inakufa kijana."

Victorine akamfunga mgeni; pingu zikalia. Kessel akainua kichwa. "Nilikuwa mgeni wako. Umenidhalilisha. Omba radhi!"

"Mwambie tu pole, Mama," alinong'ona Pontien, kwa mazoea. "Njo heshima yetu."

Victorine aliichomoa disketi ya Kessel, akaivunja vipande viwili, akamwekea Pontien mkononi. Akatembea polepole hadi mlangoni.

"Siombi."