Limau Juu ya Meza ya Jiwe

Kila asubuhi Mama alisafisha samaki jikoni. Akimaliza, alisugua kipande cha limau juu ya meza yake ya jiwe mpaka harufu iishe. Meza hiyo ilikuwa mpya, na aliionea fahari.

Siku moja aliona madoa meupe. Alipopitisha kidole, palikwaruza.

"Nani amechezea meza yangu?"

Mke wa mwanawe, aliyeolewa miezi mitatu tu iliyopita, alikuwa akiosha vikombe. "Sijui, Mama."

"Hujui? Kabla hujaja ilikuwa inang'aa!"

Tangu siku hiyo Mama hakumwondolea macho. Alinusa ndoo. Alinusa matambara. Sabuni aliifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga. Madoa yakazidi. Bibi harusi wa watu akakonda kwa mawazo, na Jumamosi akatoka chumbani na begi.

"Narudi kwetu, Mama. Siwezi kulindwa kama mwizi."

"Ngoja kwanza fundi aje, aseme ni dawa gani umemwaga!"

Fundi aliyeijenga meza alifika. Alikwaruza ukingo wake kwa msumari, ukatoka unga mweupe. Akaukamulia limau. Unga ukatoa povu.

"Ee! Unachemka!" Mama alishtuka.

"Sasa njooni mlangoni." Kizingiti kilikuwa cha jiwe jeusi. Msumari uliteleza, limau likatulia kimya.

"Hili ni jiwe gumu la aina nyingine," fundi alisema. "Lile la mezani ni jiwe la chokaa. Zamani sana lilikuwa tope na makombe ya chaza chini ya bahari. Yakarundikana, yakagandamizwa, yakawa jiwe. Tazama, kombe dogo hili hapa ukingoni. Jiwe hili na limau haviivi chungu kimoja. Limau hulila, na siki vilevile."

Bibi harusi alitazama maganda ya limau kando ya bomba.

Mama alitazama vidole vyake mwenyewe. Aibu ilimshika.

"Kumbe mharibifu ni mimi," alisema. Akafungua fundo la kanga, akampa ufunguo. "Nisamehe, mwanangu. Rudisha begi ndani."

Fundi aliisugua meza ikalainika. Siku hizi samaki husafishwa juu ya ubao, na meza huoshwa kwa maji na sabuni laini. Na kila Mama akishika limau, mke wa mwanawe humkazia macho.

"Mama, hilo unalipeleka wapi?"

"Kwenye chai, askari wangu! Kwenye chai!"