Unapaka Rangi Nyumba ya Nani?

Jumamosi asubuhi Wendell Hatcher alikuwa akipakia ngazi na makopo ya rangi kwenye pikapu yake. Jirani yake, Bi Odessa, alisimama kumtazama. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mauzo ya nyumba, na hakuwa mtu wa kuona jambo akalipita bila kuuliza.

"Unakwenda kupaka rangi nyumba ya nani?"

"Yetu. Ile ya Bi Pruitt tunayoinunua."

"Kumbe mmeshapewa funguo?"

"Bado. Si unajua nachukua ule mkopo wa nyumba wanaopewa askari wa zamani? Mthamini aliyetumwa na benki kasema rangi imebambuka na kibaraza hakina kizuizi cha pembeni, mtu anaweza kuanguka. Bila kutengenezwa, hakuna mkopo. Bi Pruitt ni mjane, hana kitu. Basi natengeneza mwenyewe. Dola elfu mbili tu."

"Tu? Umeziokota?"

Wendell alicheka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yote, yake na mkewe Nadine.

"Na benki ikikataa?" Bi Odessa akaendelea.

"Ikatae kwa nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Rangi ikishakauka ukutani ni mali ya mwenye ukuta. Utakwenda kuikwangua?"

Wendell akashusha ngazi. Hilo hakuwahi kulifikiria. "Sasa nifanyeje?"

"Andikianeni kabla hujagusa brashi. Kazi gani, gharama kiasi gani, na mauzo yakivunjika nani anabeba. Mtie sahihi wote wawili, wakala wa mauzo aiambatanishe karatasi hiyo na mkataba."

Bi Pruitt aliposikia alikunja uso. "Kwani huniamini?"

"Wewe nakuamini, mama. Benki ndiyo siijui."

Mjane akafikiri. "Haya, andika. Tusipouziana, nitakulipa siku nitakayomuuzia mwingine."

Wakatia sahihi. Wendell akapaka rangi, akapigilia kizuizi.

Wiki ya tatu kiwanda alichofanyia kazi Wendell kikampunguza. Benki ikajua, ikafuta mkopo. Nadine alilia, maana alishachagua hata mapazia. Baada ya miezi miwili nyumba ikanunuliwa na watu wengine.

Siku hiyohiyo Bi Pruitt aligonga mlango, hundi mkononi.

"Nisikufiche, mwanangu," alimwambia Wendell. "Bila ile karatasi, ningejisahaulisha."

Fedha hizo ziliwalipia kodi ya pango mpaka kiwanda kilipomwita tena.