Kupe Waliokuja na Majani

Ng'ombe wa Mektrida hakuwahi kutoka bandani. Alizaliwa humo, akala humo, akazaa humo. Huku kwetu mlimani kihamba, shamba la nyumbani, kimejaa kahawa na migomba, hakuna pa kuchungia. Akina mama hushuka Mabogini, kule tambarare, kukata majani na kuyapandisha nyumbani.

Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea Stella, mjukuu wa Mektrida. Mama yake alifariki alipomzaa. Sasa mtoto alikuwa na miezi minane.

Mwaka huo josho la kijiji lilikauka. Serikali haikuleta tena dawa ya kupe. Kila mfugaji alitakiwa kununua yake.

"Ya nini?" alisema Basili, mume wa Mektrida. "Kupe wako porini. Huyu wetu hajui hata njia ya dukani!"

Tulicheka. Mimi jirani yao nilicheka pia, na leo naona aibu.

Jumatatu moja ng'ombe alikataa kula. Mwili ulikuwa moto. Basili akamnywesha dawa ya minyoo, wakangoja. Siku ya tatu alivimba chini ya masikio na kuanza kukohoa. Siku ya tano povu lilimtoka puani. Ndipo Mektrida alipomkimbilia mzee Eliezeri, aliyekuwa bwana mifugo kabla ya kupunguzwa kazi.

"Shikamoo, baba. Njoo, ng'ombe anakufa!"

Eliezeri alikunja sikio la ng'ombe. Ndani kupe walikuwa wamejaa.

"Ni ndigana kali, homa inayoletwa na kupe," alisema. "Mmechelewa, mama."

"Kupe wametoka wapi? Hatoki nje huyu!"

"Yeye hatoki, lakini chakula chake kinatoka nje. Mmewabeba wenyewe kwenye majani."

Mektrida alikaa chini kwenye samadi, akalia. Ng'ombe alikufa kabla ya jioni.

Eliezeri akamshika ndama jike wa ng'ombe huyo, aliyefungwa kando. Naye alikuwa na joto.

"Huyu bado anasimama," alimwambia Basili. "Dawa ya ndigana ipo mjini. Ni ghali, lakini nenda sasa hivi. Usingoje avimbe."

Basili alishuka Moshi mbio. Ndama alichomwa sindano siku hiyohiyo, akapona.

Lakini Stella aliishi kwa uji mwembamba na maziwa ya kuomba kwa majirani. Alikonda hadi tukaogopa kumtazama. Mungu alisaidia, hakufa.

Siku hizi Mektrida hutandaza majani juani na kuyakung'uta vizuri. Hilo peke yake halitoshi. Kila Jumamosi Basili huchanganya dawa ya kupe kama chupa inavyoelekeza, akamwogesha ng'ombe kwa bomba mwili mzima, hadi masikioni na chini ya mkia. Ndama yule amekua, amezaa. Stella ana miaka mitatu na anakunywa maziwa asubuhi na jioni.

Juzi nilimpongeza Mektrida kwa ng'ombe wake. Hakutabasamu.

"Usinipongeze," alisema. "Mama wa huyu ng'ombe nilimkamua miaka sita. Sikuwahi kukunja sikio lake hata mara moja."