Majibu ya Vyuo Viwili

Asubuhi ya kwanza ya likizo, Spika, kama wenzake wa bwenini walivyomwita kwa ubingwa wake wa mdahalo, aligonga kikombe kwa kijiko na kutangaza kuundwa kwa Kamati Kuu ya Kumchagulia Dada Chuo cha Urubani. Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja, yeye mwenyewe, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ambaye alikuwa bado hajapiga mswaki.

"Mheshimiwa," dada yake alisema huku akifunga vifungo vya sare ya kazi, "pigia simu vyuo vyote viwili. Uliza nani anafundisha, na wangapi hufaulu mara ya kwanza. Mimi kazini simu ni marufuku."

Dada alikwisha kujifunza kurusha ndege ndogo. Sasa ilibaki mitihani kumi na mitatu ya nadharia, njia ya kuelekea ndege za abiria. Chuo kimoja kilikuwa mtaa wa pili, kingine safari ya siku mbili kwa basi.

Spika alipiga. Cha mbali kilikuwa na mwalimu kwa kila somo, na wanafunzi wanane kati ya kumi hufaulu mara ya kwanza. Cha karibu kilikuwa na mwalimu mmoja, na aliyepokea simu hakujua wangapi hufaulu. Spika alitazama kitanda cha mama, kilichotandikwa vilevile tangu msiba. Kisha akaandika majibu daftarini, ya chuo hiki akiyaweka chini ya jina la kile.

Jumatatu dada alikwenda kusikiliza kipindi kimoja mtaa wa pili. Alirudi mapema, akaketi bila kuvua viatu.

"Mwalimu hakuja. Wanafunzi wanakariri majibu ya mitihani ya zamani. Nimeuliza mvua ya radi inatokeaje, nikajibiwa ni herufi B." Spika alicheka peke yake. "Uliniandikia kila somo lina mwalimu wake," dada alisema.

"Labda wanaumwa."

"Wote kumi na watatu, mdogo wangu?"

Spika alilifunga daftari.

Dada alipiga simu chuo cha mbali mwenyewe. Zilikuwa zimebaki nafasi mbili, akachukua moja. Kisha akamketisha Spika karibu naye.

"Ungeniambia nisiende, tungelia pamoja, halafu ningekwenda. Rubani akiwa angani huwaamini walio chini wanaomwambia hali ya hewa. Ukimdanganya anayekuamini, unamwangusha yeye na aliowabeba."

Spika aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Niligeuza majibu makusudi," alisema. "Kila likizo wewe ndiye unayenifungulia mlango. Na mama naye alisema anakwenda hospitali siku mbili tu."