Visanduku Viwili vya Hatem

Kila Jumamosi, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Khawla alikuwa akibaki baada ya masomo katika chumba cha kompyuta cha shule yao, mtaa wa Azaiba, mjini Maskati. Mwaka ule wa 2009 alikuwa na miaka kumi na minne, na Mwalimu Mahfudha alimkabidhi kazi ya kikubwa: kutengeneza fomu ya mtandaoni ya watoto watakaokwenda matembezi Alkhamisi. Aliimaliza, akajigamba kwamba kosa halipiti.

Jumatatu alichapisha orodha ya kwanza ya kumpa mpishi wa matembezi, akaona kasoro. Palipoulizwa kama mtoto ana chakula kinachomdhuru, mama yake Hatem wa darasa la tatu alijibu "Ndiyo". Kisanduku cha pili, "Chakula gani?", kilikuwa kitupu.

Fomu ilikagua kila kisanduku peke yake. Cha kwanza kimejibiwa, sawa. Cha pili kinaweza kuachwa wazi, maana wengi hawakihitaji, sawa. Khawla hakuiagiza popote ivitazame vyote viwili pamoja.

Angeweza kumpigia simu yule mama, akajaza kimyakimya, akaiacha fomu ilivyo, na sifa zake zikabaki. Alitamani sana kufanya hivyo. Lakini wazazi wengine walikuwa bado wanajaza. Akajikaza, akaenda kumweleza mwalimu ukweli.

Mwalimu alipiga simu papo hapo. Mama Hatem alishangaa. "Nna haja gani ya kuandika? Sote hapa tunajuana, nani asojua kama Hatem hali lozi?"

Mpishi hakujua, kwani alipatikana wiki ile ile kutoka mtaa wa Ghala. Na halwa aliyoagiza ilikuwa ya lozi.

Khawla akarudi kwenye kompyuta. Akaandika sharti la kusomwa mzazi akishamaliza kujaza: jibu likiwa "Ndiyo" na chakula hakikutajwa, fomu irudishwe. Mara ya kwanza ikawarudisha hata waliojibu "Hapana". Akafuta, akaandika upya, akajaribu kila namna ya kujibu mpaka ikatii.

Alkhamisi Hatem alipewa tende badala ya halwa. Mchana ukaja wali wa kamba, na msichana mmoja, Fajr, akaletewa wa kuku.

"Hatem ungemwokoa kwa simu moja tu," Mwalimu Mahfudha alimwambia Khawla. "Lakini mama yake Fajr alijaza jana, naye akaacha wazi. Fomu ikamrudisha, ndipo akaandika kamba. Kukosea si aibu, mwanangu. Ungelificha kosa lako, leo lingemdhuru mtoto usiyemjua."