Moshi wa Kwao

Jambo la kwanza lililomshtua Mwanahawa lilikuwa mate ya mumewe: yalikuwa ya manjano kama bizari, ilhali nyumba yao haikuwa imepika mchuzi juma zima.

"Baba Rehema, mchuzi wa nani huo uliokula mjini?" alimtania.

Issa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kazi yake katika karakana ya bandari mpya ya Mtwara ilikuwa kusaga kwa mashine rangi kuukuu iliyogandamana na vyuma. Jioni alirudi na unga wa njano kwenye kope, na mkewe akamkung'utia nguo mlangoni. Mwaka wa pili pua yake ilianza kuvuja damu. Mwaka wa tatu kifua kikatoa mlio wa tupa juu ya chuma, nao haukukoma hata Issa alipozuia pumzi.

"Unamsikia?" alinong'ona. "Mimi nimenyamaza, yeye anafanya kazi."

Daktari alisema pafu lina uvimbe usiotibika. Hapo ndipo Mwanahawa alipomwita Bi Somoe, fundi wa kutoa majini kutoka kijiji cha Mahurunga.

Bi Somoe alimnusa mgonjwa kinywani. "Huyu si wa bahari wala wa mto. Ni wa chuma. Na jini, mwanangu, hutolewa kwa moshi wa kwao. Lete nguo za kazi."

Mwanahawa akazikung'utia juu ya chetezo chenye makaa ya moto, wakamfunika Issa shuka pamoja na makaa yale, na kadiri moshi ulivyozidi kujaa ndivyo tupa ilivyozidi kuharakisha, mbavu zikitutumka chini ya kitambaa, harufu ya chuma kibichi ikitambaa hadi ukutani, hadi ghafla, pasipo hata kikohozi kimoja, pakawa kimya.

"Nani wewe?" akauliza Bi Somoe.

Sauti iliyojibu haikuwa ya Issa. Ilikuwa ya mgeni aliyeshiba nusu. "Ongezeni."

"Anaaga huyo," fundi alinong'ona. "Mpe, ashibe, aende zake."

Mwanahawa alipindua mifuko ya suruali, akamwaga makaani unga wote uliobaki. Mkono wa Issa ukachomoza pindoni, ukamshika kifundo cha mguu.

"Mama Rehema," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba mno, "mnamlisha."

Mwanahawa akalivuta shuka. Issa alikuwa amekwisha kukata roho, macho yamekodoka, mwili umetulia tuli. Ila midomo yake, iliyopakwa unga wa njano, ilikuwa ikichezacheza hewani kama ya mtoto mchanga anayetafuta ziwa la mama.