Kitanda Kilichotoka Gasenyi

Asiya alipoingia kutoka uani na beseni la nguo kiunoni, aliona kitanda cha mwanawe kimerefuka.

Si sana, kiasi cha shubiri mbili. Kilikuwa kitanda cha kuvuta, cha mbao nyekundu, chenye meno matatu ya chuma ubavuni: jino la kwanza kwa mtoto mchanga, la pili kwa anayeanza kutembea, la tatu kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea. Asubuhi alikuwa amekiacha kwenye jino la kwanza. Sasa kilikuwa kwenye la pili, na Yasmina, mtoto wa miezi miwili, alikuwa amelala ukingoni kabisa, pua ikigusa fito, kama aliyesukumwa ili mwenzake apate nafasi.

Ilikuwa saa nane mchana, wakati ambapo Buyenzi nzima hulala kwa joto.

"Tajudini! We umevuta kitanda?"

Mumewe alikuwa sebuleni, anamalizia chakula arudi kazini. "Mi sijakigusa."

"Nani basi? Panya?"

Aliinamia sahani yake. Na jibu lake la kwanza lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilimchoma Asiya. Tangu kitanda kile kiingie nyumbani, Tajudini hakuwahi kukitia mkono. Mtoto akilia humo, anasimama mlangoni na kumwita mkewe. Asiya alikuwa ameshaiweka hasira hiyo moyoni siku nyingi, akidhani ni uvivu wa wanaume.

Kukichagua alikichagua mwenyewe, hilo hakulikana kamwe. Mimba ilipofika mwezi wa nane, kaka yake Atumani, seremala, alimwonyesha vitanda viwili alivyomtengenezea: kimoja cha kubembea, chembamba, na kingine cha mraba, kizito kama sanduku. Asiya alivipima kwa mkono wake kuanzia kiwiko. "Kaka, mwaka hautaisha miguu itakuwa nje," alisema, na Atumani akanuna. Siku chache baadaye alimpelekea mumewe chakula kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwenye depo ya bidhaa ambako alikuwa dereva wa kamyo, lori la mizigo, na huko nyuma, kati ya mifuko ya sementi na matairi, akakiona chini ya turubai. Alikivuta kidogo. Kiliteleza bila kelele, kikasimama pale alipotaka.

"Hicho kitakua na mutoto," mlinzi wa depo alimwambia. "Chukua tu, mama. Kiko hapa tangu mwaka jana, hakina mwenyewe."

Tajudini alikuja mbio. "Apana, apana. Chukua cha kaka yako."

"Kwa nini?"

"Kimetumika hiki."

"Na we ulikuwa umetumika, nikakuchukua."

Mlinzi alicheka. Tajudini hakucheka, ila hakusema kitu. Angeweza kusema pale pale. Neno moja lingetosha.

Asiya alikirudisha kitanda kwenye jino la kwanza na kukifunga kwa kipande cha kitenge, fundo juu ya fundo. Kesho yake adhuhuri alikuta kitenge kimefunguliwa na kukunjwa vizuri mara nne, kimewekwa juu ya mto wa mtoto, na kitanda kiko tena kwenye jino la pili. Kando ya pale alipolala Yasmina, godoro lilikuwa limebonyea mahali pengine, mbonyeo mrefu kuliko wa mwanawe. Alipapasa. Palikuwa na joto.

Harufu ikafuata. Mwanzoni alidhani ni maziwa yaliyochacha, akafua kila shuka. Kisha ikaja na moshi ndani yake, moshi mzito wa nyumba inayoungua, ambao mtu wa Bujumbura miaka ile ya vita hakuhitaji kuelezwa. Harufu ilitoka kitandani tu; ukirudi nyuma hatua mbili, haipo. Na siku ya tano aliona alama kwenye ubao wa juu wa kitanda: vidoti vidogo, safu mbili. Meno. Mtoto aliyesimama akajishikilia na kutafuna ubao kwa kukosa subira. Yasmina hakuwa na jino hata moja, na hata kukaa hajui.

"Kuna kitu mule," alimnong'oneza mumewe.

"Nyamaza, majirani watasikia."

"Wasikie! We unaogopa majirani, mi naogopa kilicho chumbani mwangu!"

"Kesho nitakitoa."

Kesho ikaja, hakukitoa. Alipita mbali nacho kama mtu anayempita mbwa aliyefungwa.

Asiya akamhamishia mtoto kwenye kitanda cha wakubwa. Siku iliyofuata, saa ile ile ya joto, alimlaza Yasmina katikati ya kitanda kikubwa, akamzungushia mito miwili, akatoka uani kuchota maji, na hata kopo halijajaa akasikia kile kitanda kidogo kikivutwa, taratibu, krrr, kama mtu asiye na haraka, krrr, akaacha kopo likaanguka, akakimbia, mlango ukawa mzito kana kwamba kuna aliyeuegemea kwa ndani, akausukuma kwa bega mpaka ukatii, na alipoingia aliona mito iko mahali pake na katikati ya mito hapana mtoto, akageuka kwenye kitanda kidogo akakuta kimevutwa mpaka jino la tatu, mpaka mwisho wake, na chini ya chandarua kitu kimelala kwa urefu wote, hakionekani ila godoro limebonyea kichwa, mabega, visigino, na shuka linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, na mwanawe, mwanawe mwenyewe, yuko chini, kwenye sementi tupu, amelazwa chali amenyooshwa mikono, macho wazi, halii.

Alimnyakua. Alipoinuka, jicho lake liliangukia ubao wa chini, ule unaojitokeza kitanda kikivutwa mpaka mwisho tu. Mtu alikuwa amechonga humo jina kwa patasi, kwa uangalifu wa mzazi: Astère.

Asiya hakupiga kelele. Alitoka bila viatu, akavuka barabara na mtoto kifuani, mpaka kwa Shehe Shaabani.

Shehe Shaabani alikuwa fundi wa redio, na watoto wa mtaa aliwafundisha Kurani kati ya redio moja na nyingine. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima kifaa chake cha kuunganishia nyaya, akamtuma mtu depo akamlete Tajudini. "Aje sasa hivi. Mwambie nimesema mi."

Alasiri walikuwa watatu chumbani, na mtoto wa nne. Kitanda kilikuwa bado kimevutwa. Shehe alikishika kwa mikono miwili, mikono inayonuka risasi iliyoyeyushwa, akaanza Ayatul Kursi. Alipofika katikati, ule moshi ulijaa chumba kizima. Wakakohoa. Alipomaliza, Asiya alihisi kinywa chake kinafunguka, na yeye hakukifungua. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto mdogo, na ilisema Kirundi, lugha ambayo Asiya hakuizoea sana nyumbani.

"Mama ari hehe?"

Inauliza mama yake yuko wapi. Ikauliza tena. Na tena, kila mara kwa hasira zaidi, mpaka haikuwa tena sauti ya mtoto bali ya kitu kikubwa kinachoigiza mtoto, na vioo vya dirisha vikawa vinatetemeka.

"Mutoto aliyekufa yuko kwa Mola wake, hamusumbui mutu," shehe alisema kwa ukali. "We si mutoto. We ni jini, umekuta damu ya bure ukajenga nyumba juu yake. Nani kakufungulia mlango?"

Mkono wa Asiya ukainuka wenyewe. Ukamwonyesha Tajudini.

Tajudini alipiga magoti. Asiya, aliporudishiwa kinywa chake, alikuwa baridi mwili mzima. "Sema," alimwambia.

"Ni mwaka jana," alisema Tajudini, chini chini. "Gasenyi. Watu wa mtaa ule wamekimbia bunduki, nyumba ziko wazi. Shefu, mukubwa wa depo, alituma kamyo, tukawa tunabeba vitu. Mi nilikuwa dereva tu."

"Sema kitanda."

"Kilikuwa chumba cha ndani. Kulikuwa... kulikuwa na mutoto ndani."

Tajudini alikitazama kitanda, akaendelea.

"Nikamutoa, nikamulaza chini. Kwenye sementi. Nikabeba kitanda."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa analia."

Asiya alimtazama mtu aliyezaa naye. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Kamyo ilikuwa na nafasi ya kitanda. Ya mutoto haikuwa nayo?"

"Nyumba za jirani zinaungua, Asiya. Wenzangu wananiita. Nilidhani mama yake atarudi."

"Na mi nilipokichagua, ulikuwa umesimama pale. Ukaniacha nimulaze mwanangu humo. Miezi miwili!"

Alimpiga. Alimpiga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, na shehe hakumzuia mpaka alipochoka mwenyewe.

"Kusoma peke yake hakutoshi," shehe alisema. "Jini huyu anakaa juu ya dhuluma. Itoe dhuluma, hana pa kukaa. Huyu aliyebeba ndiye atarudisha, kwa kichwa chake, mchana, watu wakiona. Na atasema mbele ya mwenyewe."

Haikuchukua muda kumpata mwenyewe wa kitanda. Waliokimbia Gasenyi wengi walikuwa Buterere, kwenye vibanda vya mahema kando ya mashamba ya mpunga, na jina la Astère liliulizwa kutoka hema moja mpaka lingine kwa siku mbili. Mama yake aliitwa Joëlla. Mumewe, Sébastien, ndiye aliyekichonga kitanda. Siku ile ya bunduki Joëlla alikimbia na binti yake mkubwa, Sébastien akarudi kumchukua mdogo, akapigwa risasi njiani kabla ya kufika. Joëlla aliporuhusiwa kuingia mtaani, siku ya tatu, alimkuta mwanawe sakafuni. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane.

Tajudini alibeba kitanda kichwani tangu barabara kuu mpaka kwenye mahema, matope ya Buterere yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Watu walitoka kutazama. Shehe alitembea mbele, Asiya nyuma na Yasmina mgongoni. Njia nzima kitanda kililia juu ya kichwa cha Tajudini, krrr, krrr, ingawa walikuwa wamekifunga kwa kamba, na shingo yake ilizidi kuzama mabegani kama aliyebebeshwa mtu mzima.

Joëlla alikuwa anachambua mchele. Alikiona kitanda kabla ya kuwaona watu. Akaweka ungo chini polepole.

"Kiteremushe," alisema.

Tajudini alikiteremsha. Alisema yote, amepiga magoti matopeni, kwa sauti ya kusikika kama alivyoamriwa: kamyo, chumba cha ndani, sementi, kilio. Umati ukaanza kunguruma. Mwanamume mmoja akaokota jiwe. Joëlla aliinua mkono, jiwe likabaki mkononi mwa mwenyewe.

"Alikuwa analiaje?"

Tajudini hakuelewa.

"Mi sikumusikia. We ulimusikia. Nakuuliza, mutoto wangu alikuwa analiaje?"

"Alikuwa... anaita mama."

Joëlla aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa anakidai. "Vuta kitanda. Vuta mpaka mwisho."

Tajudini akakata kamba, akavuta. Jino la pili, jino la tatu. Joëlla alipita mkono juu ya fito za mumewe, juu ya jina, kisha akaweka kiganja karibu na ubao wa miguuni.

"Leo angefika hapa," alisema.

Shehe alisoma. Hakusoma kwa muda mrefu. Moshi ulitoka kwenye mbao mara moja, mwingi, watu wote wakauona, ukapita juu ya mpunga na kupotea. Na kitanda kikawa mbao tu. Yasmina, ambaye hakuwa amelia tangu siku ile ya sementi, alilia kwa nguvu, na Asiya akashukuru Mungu kwa kilio kile.

Mtu mmoja alisema kichomwe moto. "Hiki ni changu," Joëlla alimjibu. "Binti yangu analala kwenye majani."

"Usiogope, mama," shehe alimwambia. "Mwenye haki hasumbuliwi. Kimeshatoka."

"Kwenu kimetoka," Joëlla alisema. "Kwangu kitatoka lini?"

Shehe Shaabani, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliinamisha kichwa.

Asiya hakurudi nyumbani kwake jioni ile. Alishuka kwa kaka yake na mtoto na nguo alizovaa. Tajudini alimwita mara mbili barabarani, mara ya tatu hakuita.

Ilipita wiki moja. Siku ya Ijumaa, baada ya swala, Tajudini alibisha hodi kwa Atumani. Asiya alifungua, akashtuka bila kutaka. Mumewe alikuwa amepinda mgongo kama mzee, magoti hayanyooki, na nguo zake zilinuka moshi.

"Asiya, nisaidie. Ni kitanda chetu. Kile kikubwa." Alinong'ona, anatazama nyuma yake. "Kinafupika. Kila nikilala kinafupika. Nimekipima kwa kamba. Jana nililala nimejikunja, magoti kwenye kidevu, na bado ubao wa miguuni ulikuwa unanisukuma. Nimejaribu kwa rafiki yangu, kwake pia. Nimejaribu depo, kwenye kamyo, kiti kikanibana. Kila nikilalia kitu kinakuwa cha mutoto. Nisemee kwa shehe. Nitalala wapi, Asiya?"

Ndani Yasmina alikoroma kidogo usingizini, kwenye kile kitanda cha mraba cha Atumani. Asiya alimtazama mumewe kuanzia unyayo mpaka utosi. Alitafuta huruma moyoni, akaikuta haijafika.

"Lala chini," alimwambia. "Kwenye sementi."

Akafunga mlango.